Nilipoeleza Ugonjwa wa Dada Yangu

Kwetu kando ya ziwa, kabla mtu hajafunikwa udongo, yule aliyemuuguza husimama mbele ya watu akaeleza ugonjwa. Hueleza ulianzia wapi, dawa gani zilijaribiwa, hospitali gani na gani, na siku ya mwisho ilikuwaje. Waliokuja na maneno yao mdomoni husikiliza, na wengine huyameza. Miaka ile ya mwanzo ya tisini jambo hili lilikuwa zito zaidi, maana kila aliyekonda alisemwa kwa ugonjwa mmoja, na asiyesemwa kwa huo alisemwa kwa chira, kwamba alivunja mwiko wa ukoo. Kwa hiyo ulisimama ukasema kweli yote, hata ile ya aibu, ili marehemu apumzike.

Mimi nilisimama kwa ajili ya dada yangu. Sipendi kusimama mbele za watu. Shule niliishia darasa la saba, na kanisani hukaa benchi la nyuma. Lakini nilikuwa nimemuuguza nyumbani kwangu Kaloleni, mjini Kisumu, mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha, na hapakuwa na mwingine wa kueleza.

Dada alikuwa ameolewa upande wa Port Victoria na kazi yake ilikuwa samaki. Alinunua ufukweni, akakausha, akaleta Kisumu. Alikuwa mtu wa kelele na mzaha, si kama mimi. Uvimbe ulianzia kwenye titi la kushoto na hakumwambia mtu. Ulipopasuka ukawa kidonda, aliufunga kwa leso akaendelea na biashara. Harufu ilikuwapo, lakini sokoni nani angeijua, naye amezungukwa na vikapu vya samaki? Alipoacha kuuza ndipo tulipojua. Samaki waliondoka, harufu ikabaki.

Alikuja kukaa kwangu ili awe karibu na hospitali. Ilikuwa hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji, ambayo siku hizi haipo tena. Tulikuwa tukienda naye kufungwa kidonda, na mara mbili alilazwa. Nataka niseme bila kuongeza: wauguzi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wachache na wamechoka. Walikuja na toroli asubuhi, wakashika ncha ya bandeji iliyokauka juu ya kidonda, wakavuta. Dada, aliyezaa watoto bila kupiga kelele, alikuwa akiuma upande wa shuka. Siku moja alimwambia muuguzi mkuu wa wadi, tuliyemwita Sista, “Sista, hata samaki akiparwa huloweshwa kwanza.” Sista alicheka. Dada naye alicheka, machozi yakimtoka. Kisha wakaendelea kuvuta.

Lililotushikilia lilikuwa Nairobi. Kulikuwa na mashine huko ya kuchoma ugonjwa kwa ndani, na huku kwetu haikuwapo. Shemeji yangu, mume wa dada, aliitwa na daktari siku ile ya kwanza, wakaongea wawili kwenye veranda. Aliporudi alisema tungoje, Nairobi wataita. Basi tukangoja. Dada alikuwa akipanga safari kama anayekwenda arusini. “Nikirudi kutoka Nairobi,” alikuwa akiniambia, “usiniite kwa jina. Uniite memsahibu.” Alichagua hata nguo ya kuvaa. Binti yake alikuwa shule ya bweni, anakaribia mtihani, na aliomba ruhusa ya kuja kumwona. Dada akakataa. Alituma neno kwamba mtoto asome, mama atapona, watakutana likizo.

Walikutana mazishini.

Hayo yote niliyasema kwenye kipaza sauti cha kukodi, mbele ya jeneza. Nilisema habari za leso, za bandeji, za safari iliyongojwa na haikuitwa. Nilipomaliza, shemeji alikuja akakishika kipaza sauti. Alikuwa na kofia mkononi.

“Shemeji amesema kweli,” akaanza. “Lakini kuna moja hajui. Daktari aliniambia siku ya kwanza. Alisema imeshafika mapafuni, Nairobi haitasaidia kitu. Nikaona nisimvunje mke wangu moyo. Nikabeba peke yangu.”

Wazee walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alisema kwa sauti, “Huyo ni mwanamume.” Nami nilimtazama yule binti, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kichwa cha mama yake. Hakuinua uso. Sikumchukia shemeji. Kumchukia mtu kunataka nguvu, na nguvu sikuwa nazo. Nilikaa chini, nikafikiria ile nguo ya safari iliyokunjwa ndani ya sanduku kwangu.

Sista alikuwa amekuja mazishini. Sikumtarajia. Hakuwa mtu wa huku, alitoka Ukambani, na hata salamu za Kiluo zilimshinda. Aliomba siku yake ya mapumziko akapanda gari la wanunuzi wa samaki hadi Port Victoria. Baada ya kufukia alinikuta nyuma ya nyumba, mahali wanawake walipokuwa wakipika, na majivu kwenye viatu vyake vyeupe.

“Mama, yale uliyosema pale mbele. Mbona hukuniambia kule hospitali?”

“Ningekuambiaje, Sista? Mgonjwa wetu alikuwa mikononi mwenu.”

“Kwa hiyo?”

“Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.”

Alitazama moto. “Na sasa uzazi umekwisha,” akasema.

“Umekwisha.”

“Basi siku nikikuita, uje ututukane.”

Nilidhani ni maneno ya mazishi tu. Watu huahidi mengi wakiwa na sahani ya msiba mkononi. Lakini ilipita miezi kadhaa, na siku moja mtu akaja Kaloleni kuniambia kwamba Sista anawaita waliowahi kuuguza wagonjwa wa kansa katika wadi yake, pamoja na wanaotibiwa bado, waje waseme jinsi walivyohudumiwa. Kutakuwa na chai. Sikutaka kwenda. Njia ya hospitali ile nilikuwa nimeizunguka tangu dada afe, hata nikitumwa upande huo. Nilikwenda kwa sababu ya bandeji. Nilijiambia nitasema habari ya bandeji tu, nirudi.

Uani, kabla sijaingia, mwanamke mmoja alinijia mbio, kanga imefungwa upande mmoja wa kifua. Nilimjua. Alikuwa mke wa fundi seremala wa Kisian, mwenye kutengeneza vitanda kando ya barabara ya Busia. Kwenye benchi la kungojea kufungwa kidonda alikuwa akikaa ubavuni mwa dada, wakicheka mpaka wauguzi wakawanyamazisha. Alikuwa mdogo kwa umri, watoto wake bado wa kubebwa. Alinishika mikono yote miwili.

“Mama! Nyamera vipi huko Nairobi? Wamemchoma tayari?”

Nyamera kwa Kiluo ni “dada yangu,” na aliyeulizwa alikuwa dada yangu mimi. Ndivyo alivyokuwa akimwita. Niliinua macho nikamwona mumewe nyuma yake, akinitikisia kichwa polepole.

“Tuingie,” nikasema. “Chai inapoa.”

Alitangulia. Mumewe akanishika ukingo wa mkono wa gauni mlangoni.

“Mama, nakuomba. Nilimwambia mwenzake alipelekwa Nairobi na anaendelea vizuri. Naye anangoja zamu yake. Ukimwambia sasa, utamuua.”

“Kwani daktari alikuambia nini juu yake?”

“Yale yale ya dada yako.” Alichungulia ndani. “Ana watoto wadogo, mama. Wacha awe na raha kidogo. Tangu nimwambie ya Nairobi anakula.”

Mikono yake ilikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kucha. Nilimwona shemeji yangu ndani ya shati la mtu mwingine. Sikumwahidi neno. Niliingia nikakaa karibu na mlango.

Tulikaa katika chumba cha kupimia watoto, mzani wao ukiwa bado unaning’inia juu yetu. Sista alisema anataka kusikia makosa, asiogopwe, hakuna atakayefukuzwa. Mzee mmoja, aliyekuwa amemuuguza mkewe hadi mwisho, aliinuka wa kwanza, akavua kofia.

“Kwanza tunashukuru Mungu. Pili tunashukuru madaktari wetu. Tatu tunashukuru kwa kuta kupakwa rangi.”

“Mzee, rangi haitibu mtu,” Sista akasema. “Mama aliumia wapi?”

“Aliumia kidogo tu. Ile ya kawaida.”

Akakaa. Aliyefuata alishukuru kwa mashuka. Aliyefuata alishukuru kwa maombi ya asubuhi. Sista aliufunika uso wake kwa mkono.

“Nimewaita mnipe makosa, mnanipa shukrani. Mnataka nini nyinyi?”

“Sista,” mwanamke mmoja mnene akasema kutoka pembeni, “ongeza mandazi. Makosa yatatoka yenyewe.”

Tulicheka. Hata mke wa fundi alicheka, mkono juu ya ile kanga. Kisha Sista akanigeukia mimi.

“Mama wa Kaloleni, simama. Waelezee ule ugonjwa wa dada yako kama ulivyoeleza siku ile kule kwenu. Vile vile, usipunguze.”

Alikuwa na nia njema kabisa. Aliona tu kwamba kuna mahali ambapo watu wa huku husema kweli, akataka kupahamishia ndani ya hospitali yake. Lakini yule mzee wa rangi akainuka tena.

“Sista, wewe si wa huku, tunakusamehe. Maneno ya ugonjwa yanasemwa mbele ya jeneza. Hapa kuna wagonjwa wamekaa na chai mkononi. Unataka awazike wakiwa hai?”

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Alikuwa mke wa fundi.

“Jeneza la nani?” akauliza.

“Mzee anasema kwa jumla,” mumewe akadakia. “Ni mila tu.”

“Sijakuuliza wewe. Namuuliza mama.” Alinigeukia. “Nyamera yuko Nairobi?”

Ningeweza kusema yuko. Ni neno fupi, na mtu angenishukuru kwa kulisema. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona neno lile linavyofanya kazi. Lilikaa nyumbani kwangu miezi mingi, likala nasi, na siku lilipoondoka likamwacha binti kwenye mkeka.

“Hapana,” nikasema. “Tulimzika kwa mume wake.”

“Nairobi hakufika?”

“Hakufika. Haikuwapo Nairobi. Daktari alijua, mume wake alijua. Yeye hakuambiwa, nami sikuambiwa.”

Hakulia. Alikaa akinitazama, kisha akamtazama mumewe, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha njia. Fundi aliangalia miguu yake. Ndipo yule mwanamke akamgeukia Sista.

“Na mimi?”

Sista, Mungu amrehemu, alifanya lile lililokuwa likifanywa siku zote. Alimtazama mume kwanza.

“Usimwangalie yeye,” mke wa fundi akasema. “Titi ni langu.”

Hospitali ile haikuwa na chumba cha mazungumzo ya namna hiyo. Ilikuwa ni veranda, au kando ya kitanda na wadi nzima ikisikiliza. Kwa hiyo sisi tulitoka. Hakuna aliyetuambia. Yule mwanamke mnene aliinuka na kikombe chake, mzee akafuata, na wote tukasimama nje juani na chai zetu, mlango ukafungwa nyuma yetu. Fundi alibaki nje pamoja nasi, kwa sababu mkewe alimwambia abaki.

Tulisimama pale muda mrefu, na watu wakaanza kusema. Sijui ni nini kiliwafungua. Labda mzee alikuwa sahihi, kwamba maneno yale yanataka uwanja, hayakai chini ya dari. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza, akimwambia mtu aliye karibu naye, si sote.

“Mke wangu alikuwa akisikia tu magurudumu ya toroli, analia. Bado wako mlango ule wa mbali, yeye ameanza kulia. Ati ya kawaida.”

“Wetu walimweka kitanda cha mwisho, karibu na choo,” akasema mwingine. “Kwa ajili ya harufu. Watu walikuwa wakipita wameshika pua.”

“Mimi mama yangu alikufa akiniuliza kosa lake ni nini,” akasema yule mnene. Hakuwa na mzaha tena. “Alidhani amerogwa na mke mwenzake. Kama angeambiwa ni kansa, angekufa bila kumlaani mtu.”

Sista alipofungua mlango alitukuta katikati ya maneno hayo. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuturudisha ndani. Alikaa kwenye ngazi, akasikiliza mpaka jua likageuka, na mimi nikaeleza ugonjwa wa dada yangu nikiwa nimesimama, sikupunguza neno. Mke wa fundi alitoka akasimama mlangoni, akasikiliza naye mpaka mwisho.

Yaliyobadilika nitayasema jinsi yalivyokuwa. Bandeji zilianza kuloweshwa kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu kabla ya kutolewa, na sisi wa nyumbani tukafundishwa kufanya hivyo ili mgonjwa asivutwe na kila mtu kwa njia yake. Kitanda cha karibu na choo kiliondolewa. Stoo moja ndogo ilisafishwa, ikawekwa viti vitatu, na kabla ya daktari kusema lolote Sista alikuwa akimuuliza mgonjwa mwenyewe, “Unataka kusikia? Unataka nani akae nawe?” Wapo waliosema hawataki kusikia, waambiwe waume au kaka zao, na hao nao waliheshimiwa. Baadaye Sista alihamishwa. Stoo ikarudi kuwa stoo, ikajaa magodoro. Habari ya maji ya chumvi nasikia ilidumu kwa muda. Mashine ya kuchoma haikuletwa Kisumu kwa sababu ya maneno yetu. Waliokufa waliendelea kufa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Mke wa fundi aliishi hadi mwisho wa mvua ndefu. Lakini kabla ya hapo alinijia Kaloleni, siku moja mchana, nikiwa nachambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, natoa vijiwe. Alikaa kwenye kiti kifupi bila kukaribishwa, akatumbukiza mkono wake mmoja ndani ya ungo, tukachambua pamoja.

“Nimekuja uniambie yaliyobaki,” akasema. “Sista ameniambia ya hospitali. Ya nyumbani hayajui.”

“Uliza.”

Aliuliza. Pumzi inaanza kuwa fupi namna gani. Mtu anaacha lini kupanda kitanda mwenyewe. Kama harufu inaweza kupunguzwa. Nilimwambia yote, hata ya makaa yasiyowashwa chini ya kitanda, ambayo husaidia kidogo. Aliniambia watoto amekwisha kuwapeleka kwa mama yake wazoee kulala huko wakati yeye bado anaweza kwenda kuwaona. Mama yake alikuwa amemkasirikia, kwamba anajitabiria.

Kisha akauliza lile alilolijia.

“Nyamera, alipokuwa hajui. Alikuwa na furaha?”

Omena walikuwa wakinichoma vidole. Nilifikiria kumpa jibu jema.

“Kuna siku alikuwa nayo,” nikasema. “Siku nyingi. Ile Nairobi ilimpa furaha.”

“Mimi hiyo sina sasa.”

“Huna.”

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Tukaendelea kuchambua. Baadaye nilichungulia nje nikaona fundi amesimama kwenye ua wa michongoma na baiskeli yake. Alikuwa amemleta mkewe kwenye keria kutoka Kisian, njia yote ile.

“Mume wako yuko nje na jua hili,” nikamwambia. “Mwite aingie.”

“Mwache asimame kidogo,” akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka, kile kicheko cha kwenye benchi. “Mimi ameniweka nje ya ugonjwa wangu mwaka mzima. Yeye hata saa moja haijafika.”

Nilimimina chai, nikampelekea huko huko alikosimama. Alipokea kwa mikono miwili, akaniuliza mkewe anasemaje.

“Anauliza,” nikamwambia. “Bado hajamaliza.”